Jibu: Mchango wa ZSSF na kodi ya mshahara, kipi kinatangulia?

Assalamu alaykum. Mwalimu mwenzetu wa Wete ameuliza kwa nini mshahara wake unakatwa mchango wa hifadhi ya jamii kisha ukatwe na kodi, na kama fedha ile ile haitozwi mara mbili. Nilikuwa mtumishi wa serikali Chake Chake kwa miaka mingi, na jambo hili lilinipata mwenyewe, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, uliundwa kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 1998. Mwanachama huchangia asilimia 7 ya mshahara na mwajiri huongeza sehemu yake, ambayo haitoki mfukoni mwako, ingawa wapo wanaoihesabu kuwa ni makato yao. Kodi ya mshahara, yaani PAYE, ni kodi ya mapato, nayo ni jambo la Muungano linalosimamiwa na TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Ukienda kulalamika ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, utaambiwa, kwa upole, kwamba umekosea mlango.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Sheria hiyo ya Kodi ya Mapato inaruhusu mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa pensheni ulioidhinishwa uondolewe kwanza, ndipo kodi ikokotolewe juu ya kinachobaki. Tuchukue mshahara wa shilingi 600,000: mchango ni 42,000, na kodi hupigwa kwenye 558,000, si kwenye 600,000. Wala usidhani kwamba ukichangia 42,000 basi kodi nayo hupungua 42,000. Unachookoa ni kodi ya fedha hizo tu: zikiangukia zote kwenye daraja la mapato linalotozwa, tuseme, asilimia 20, nafuu yako ni 8,400 kwa mwezi. Mwenye mshahara mdogo usiofikia kiwango cha kutozwa hapati nafuu yoyote hapa, kwa kuwa hakuwa na kodi ya kupunguziwa. Mkopo wa benki na akiba ya saccos havina upendeleo huu. Vyote viwili hukatwa baada ya kodi.

Mimi niligundua kosa siku moja baada ya sala ya Ijumaa, nikiwa barazani na kalamu, nikilinganisha hati yangu ya mshahara na ya jirani yangu tuliyekuwa naye daraja moja la kazi. Mshahara sawa, mchango sawa, kodi yangu imezidi. Ofisi niliyohamishiwa ilikuwa inakokotoa kodi kwenye mshahara mzima kisha ndipo inaondoa mchango, na mambo yalikwenda hivyo miezi saba. Kwa mwezi mmoja tofauti ilikuwa ya kitoweo cha siku mbili tatu, ndiyo maana sikuishtukia.

Kwa hiyo, mwalimu, chukua hati yako, toa mchango kwenye mshahara, kisha piga kodi kwa madaraja yanayotumika mwaka huu, maana Sheria ya Fedha huweza kuyabadilisha kila Julai. Jibu likitofautiana na lililoandikwa, mwandikie mhasibu barua na uambatanishe nakala za hati za miezi yote unayoidai. Mimi nilikwenda na maneno matupu mara mbili nikarudishwa. Mara ya tatu nilikwenda na karatasi saba, na hesabu ikarekebishwa kuanzia mshahara uliofuata.