Mshahara Umepanda: Fikiria Hewa Ukaa Kabla ya Kununua Gari

Msomaji mmoja wa Moshi ameniandikia kwamba amepandishwa cheo katika ofisi yake iliyopo Arusha, na kwamba sasa anatafuta gari la kumpeleka kazini na kumrudisha nyumbani kila siku. Ameuliza kama habari za hewa ukaa, gesi inayoongeza joto duniani, zinamhusu mtu kama yeye, ilhali nchi yetu bado ni maskini. Dada yangu, zinakuhusu tangu mwezi ule mshahara mpya ulipoingia.

Ni kweli kwamba Mtanzania wa kawaida, tukihesabu mafuta, gesi asilia na makaa ya mawe, huzalisha takribani robo tani ya hewa ukaa kwa mwaka, wakati Mmarekani huzidi tani 13. Lakini wastani huo unamficha mwenye kipato. Shirika la misaada la Oxfam lilikadiria kwamba mwaka 2019 asilimia 10 ya watu matajiri zaidi duniani walisababisha nusu ya hewa ukaa yote, na tofauti ya namna hiyo ipo hata kati ya ndugu wa ukoo mmoja.

Tuichukue safari yako. Kutoka Moshi hadi Arusha ni takribani kilomita 80. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 16 kwenda na kurudi, na kila lita ya petroli ikiungua hutoa takribani kilo 2.3 za hewa ukaa, yaani kilo 37 kwa siku. Ukiwa peke yako garini, siku saba za kazi zinatosha kukupitisha kiwango cha mwaka mzima cha Mtanzania wa kawaida.

Mimi nilianza kazi Arusha nikiishi katika chumba cha kupanga Pasua, hapo Moshi, nikipikia mkaa na kupanda basi dogo la Coaster alfajiri. Kipato kilipoongezeka nilinunua kwanza jiko la gesi, na uamuzi huo ninajivunia hadi leo, kwa sababu mkaa humaliza misitu na sehemu kubwa ya nishati ya kuni hupotea tanuruni kabla haijafika jikoni. Mtungi wa kilo 15 ukiungua wote hutoa takribani kilo 45 za hewa ukaa, na kwangu hupika kwa wiki nyingi. Gari lako lingezifikia kabla ya mchana wa siku ya pili. Kwa hiyo si kila fedha inayoongezeka huchafua hewa.

Gari sikununua. Nilihamia Kijenge, Arusha, nikawa natembea kwa miguu hadi ofisini. Katika kikao cha ukoo kule Machame, baba mdogo aliniuliza mbele ya wote, "Kusoma kote kule, bado unagombania kiti cha Coaster?" Watu walicheka, na maneno yale yananiuma mpaka sasa. Tumezoea kuupima utu wa mtu kwa ukubwa wa injini yake, na mazoea hayo lazima tuyaache sisi wenyewe tunaopanda vyeo, kwa sababu asiye na kitu hana cha kupunguza.

Kabla hujalipia gari, uliza kodi ya nyumba Kijenge au Sakina, kisha uilinganishe na bei ya lita 16 kila siku ya kazi. Ikishindikana kuhama kwa sababu ya watoto au wazazi, endelea na Coaster, au tafuta wenzako watatu wa njia hiyo mchangie gari moja.