Wateja wapo, lakini mtaji unapungua: jibu kwa ndugu wa Mafinga

Ndugu yangu wa Mafinga, umeuliza kama daftari lina maana yoyote kwa muuza mchele ambaye mauzo yake anayajua kwa kichwa na kwa miamala ya simu, na kwa nini mtaji wako unapungua ilhali wateja hawakauki. Ninauza mchele Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa miaka kumi na moja sasa, na minne ya mwanzo niliiendesha hivyohivyo.

Nilikuwa nikinunua gunia la kilo 100 kule Ubaruku, wilayani Mbarali, kwa shilingi 200,000 na kuuza kilo kwa 2,300, nami niliamini kwa dhati kwamba kila gunia linaniachia 30,000. Nilipoanza kuandika kila kinachotoka, niliona kwamba usafiri ulikuwa 6,000, makuli 1,500 na ushuru 1,000, na kwamba baada ya kupepeta na kuwaongezea wateja kidogo kwenye mizani, kilichouzwa hasa kilikuwa kilo 98. Mauzo yalikuwa 225,400, gharama 208,500, faida 16,900. Kwa magunia matano ya wiki nilipata 84,500, wakati nyumbani nilikuwa nikichukua 15,000 kila siku, yaani 105,000 kwa wiki. Hizo 20,500 zilizozidi zilitoka kwenye mtaji, na hapo bado sijagusa kodi ya kibanda.

Ndiyo maana katika daftari ninaisisitiza safu ya matumizi ya nyumbani kuliko nyingine zote. Simu itakuonyesha fedha zilizopita kwenye simu tu. Haitakuonyesha noti uliyoitoa mfukoni kulipia daftari za watoto, wala kilo mbili zilizokwenda jikoni, ambazo nazo ziandikwe kwa bei uliyonunulia. Nilijipangia 9,000 kwa siku. Mke wangu hakufurahi, na sikumlaumu, mpaka tulipokaa tukapitia kurasa hizo pamoja.

Madeni ya mama lishe yapewe ukurasa wake, pamoja na tarehe waliyoahidi kulipa.

Kuna pia suala la kodi ya mapato ya serikali. Kwa viwango vya makadirio vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mwenye mauzo ya milioni 6 kwa mwaka asiye na kumbukumbu za biashara zilizoandikwa alitakiwa kulipa 100,000, lakini mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 60,000.

Usisubiri mwanzo wa mwezi. Leo ukishafunga, pima mchele wote uliomo, hesabu fedha taslimu na salio la simu, ongeza unachowadai watu, kisha toa unachodaiwa. Kiasi kitakachobaki kiandike juu ya ukurasa wa kwanza pamoja na tarehe. Rudia Jumamosi ijayo, utuwekee hapa tarakimu zote mbili, nami nitazipitia pamoja nawe.