Jibu: Muuzaji anataka malipo ya awali kabla sijalikagua gari

Salaam. Kama nimekuelewa vizuri, muuzaji wa magari yaliyotumika anadai kwamba gari hilo limetembea kilomita 60,000 tu na anataka ulipe sehemu ya fedha leo, nawe hujui uanze kukagua nini.

Usilipe kwanza. Omba ulikute gari likiwa halijawashwa, uguse boneti kuhakikisha kwamba injini ni ya baridi, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka na moshi wa mwanzo. Moshi wa buluu usiokoma kwa kawaida huonyesha kwamba injini inaunguza oili, na hilo peke yake lingetosha kunifanya niondoke.

Kuhusu kilomita, mimi si fundi, lakini niliwahi kuonyeshwa gari la "kilomita chache" ambalo mpira wa pedeli ya breki ulikuwa umelika hadi chuma kikaonekana, huku usukani uking'aa kwa kushikwa. Linganisha uchakavu huo na kumbukumbu za matengenezo. Tazama pia tarakimu 4 zilizopigwa ubavuni mwa tairi: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, yaani wakati tairi lilipotengenezwa.

Namba ya chasi lazima ilingane na hati, herufi kwa herufi. Kisha mlete fundi wako mwenyewe, si yule anayependekezwa na muuzaji. Akikataliwa kulikagua, tafuta gari jingine.