Kufuta faili ambalo jina lake linaanza na kistari
Programu ya rm, ile ya kufuta mafaili kwenye mifumo ya aina ya Unix kama Linux, inakataa kufuta faili lako liitwalo -x kwa sababu neno linaloanza na kistari huchukuliwa kuwa chaguo, si jina la faili. Andika rm -- -x, kwani kanuni ya 10 ya sintaksia ya POSIX (kiwango cha pamoja cha mifumo hiyo) inasema kwamba vistari viwili visivyofuatwa na herufi hufunga orodha ya machaguo, au andika rm ./-x, ambapo ./ ni folda uliyomo na neno haliani tena na kistari, njia ninayoipendelea kwa kuwa haitegemei hisani ya programu yoyote. Ukurasa wa maelezo wa programu unayoitunga uyataje haya waziwazi, tena kwa mfano, maana zipo programu zisizoifuata kanuni hiyo: echo, inayochapisha maneno unayoipa, huvichapisha vistari hivyo viwili kama vilivyo.