Tumbo langu lilivyojifunza kutulia: niliyoyaona katika hipnotherapi

Kwa miaka sita nilijua kila choo kilichopo kati ya nyumbani kwangu na kazini. Naishi Manchester, natunza wazee, na basi langu la asubuhi huchukua dakika 40. Tumbo likianza kusokota nilikuwa nashuka kituo chochote chenye mgahawa, nanunua chai nisiyoitaka ili nipate ruhusa ya kuingia msalani, halafu nasubiri basi jingine. Harusini sikula. Safarini sikula. Nikivaa dira nilionekana mjamzito kwa jinsi tumbo lilivyojaa, na shangazi zangu wakauliza kwa furaha ni miezi mingapi.

Nilipimwa damu, nikapimwa choo, nikaingizwa kamera. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe, hakuna minyoo. Jina nililopewa ni IBS, yaani utumbo ambao ukiutazama ni mzima lakini unavyofanya kazi umevurugika, na mishipa yake ya fahamu inapokea kila msukumo mdogo kama maumivu. Daktari mmoja aliniambia ni wasiwasi tu, nijitahidi kutofikiria. Nilitoka pale nikilia. Kama unaumwa hivi na umeshaambiwa maneno hayo, nataka ujue kwamba maumivu yako ni ya kweli, hata kama kamera haikuona kitu.

Dawa nilitumia zaidi ya mwaka. Mwisho daktari mwingine akataja hipnotherapi, yaani tiba ya hipnosisi, ambapo mtu anakuongoza kwa maneno mpaka mwili ulegee na akili itulie mahali pamoja. Picha iliyonijia kichwani ni mtu wa mazingaombwe aliyekuja shuleni kwetu, akamfanya kijana mmoja alie kama mbuzi mbele ya darasa zima. Nikampigia mama Tanga. Baada ya shikamoo na habari zote, akanyamaza kidogo kisha akasema, "Mwanangu, ukishalala hapo, nani anakulinda?"

Swali la mama ni la haki, na ndilo karibu kila mtu wetu huniuliza. Jibu ni kwamba hulali. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kiti cha kawaida, nikiwa na viatu vyangu miguuni. Mtaalamu wangu alikuwa mama wa makamo, na hakuwa na saa ya kuning'iniza. Aliniambia nitazame sehemu moja ukutani, nipumue taratibu, macho yakichoka niyafumbe. Kisha akaanza kuhesabu huku akinielekeza nisikie mabega yakilegea, mikono ikiwa mizito, taya likiachia. Muda wote nilisikia gari zikipita nje. Nilisikia mtu akikohoa koridoni. Nilijua kabisa kwamba nikitaka kusimama na kuondoka, nitasimama na kuondoka. Sikutaka tu.

Bibi yangu alikuwa akisuka ukili barazani, unamwita mara tatu haitiki, lakini mkono wake haukosei hata mstari mmoja. Hakuwa amelala. Akili yake yote ilikuwa imeingia mahali pamoja, na kelele za nje zimesogea mbali. Hipnosisi niliyoipata mimi ni hali hiyo hiyo, tofauti yake ni kwamba kuna mtu anayekuongoza uiingie kwa makusudi, na mkiwa ndani anakupa maneno ya kuufanyia mwili kazi.

Hata huyo aliyeitia jina alijuta. James Braid, daktari mpasuaji Mskoti, alikuwa akifanya kazi humu humu Manchester. Mwaka 1841 alikwenda kutazama maonyesho ya Mfaransa mmoja aliyekuwa akiwaingiza watu katika hali hii jukwaani, akiamini atamfichua ni laghai, akarudi akiwa na hakika kwamba kuna kitu cha kweli pale. Mwaka 1843 akaandika kitabu na kutumia neno linalotokana na Hypnos, mungu wa usingizi wa Wagiriki. Baadaye akaona jina linapotosha, kwa sababu jambo lenyewe ni kukaza fikra kwenye wazo moja. Alijaribu kulibadilisha, lakini jina lilikuwa limeshasambaa. Nusu ya hofu ya watu, naamini, imetokana na jina hilo.

Mji huu huu, mwaka 1984, daktari wa tumbo Peter Whorwell na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la kitabibu la Lancet. Walichukua wagonjwa 30 wenye IBS kali iliyoshindikana kwa dawa, nusu wakapewa hipnotherapi, nusu wakapewa mazungumzo ya ushauri pamoja na vidonge visivyo na dawa. Waliopata hipnotherapi walipata nafuu kubwa zaidi, kwa maumivu, kwa tumbo kujaa, hata kwa choo. Tangu 2008 mwongozo wa taifa wa matibabu hapa Uingereza unaitaja kama mojawapo ya njia za kufikiriwa pale dawa zikishindwa kwa miezi 12. Nilipomsomea mama haya kwa simu, alitulia kidogo. Kidogo tu.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye kipindi cha pili mtaalamu aliniambia niweke kiganja juu ya tumbo na nisikie joto likitoka mkononi na kuingia ndani. Kisha akaniomba niwazie mto, niuone unavyokwenda, na utumbo wangu uende kama huo mto. Akaanza kunielezea mto wa Kiingereza, wenye mawe na maporomoko, na tumbo langu likakaza pale pale. Nikamwambia. Akauliza, "Wako ni upi?" Wangu ni Pangani, pale unapokutana na bahari, jioni, kivuko kikitoka upande wa mji kwenda Bweni. Maji mapana, ya rangi ya udongo, yanakwenda bila kelele. Tangu siku hiyo tulitumia Pangani.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyenifundisha. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza ndiyo lugha yangu ya kazi, ya fomu, ya kuomba ruhusa ya ugonjwa. Yalifika kichwani lakini hayakushuka. Basi aliponipa sauti ya kusikiliza nyumbani, niliiandika upya kwa Kiswahili na kujirekodi kwenye simu. Badala ya sentensi yake ndefu kuhusu misuli ya utumbo kulegea, nikaweka neno alilokuwa akisema mama akinisugua tumbo kwa mafuta ya nazi nikiwa mdogo: tulia, tulia, tulia. Nilihisi tofauti usiku ule ule. Kama unafanya tiba hii ughaibuni, mwombe mtaalamu ruhusa utumie lugha yako na mahali pako. Wangu alifurahi.

Vipindi vilikuwa 12, kimoja kwa wiki, na nyumbani dakika 20 kila siku. Hizo dakika 20 ndiyo tiba. Wiki tano za kwanza sikuona mabadiliko yoyote, na nilitaka kuacha. Wiki ya saba nilishuka kwenye basi kituo changu, nikatembea mpaka mlangoni kwa kazi, ndipo nikagundua kwamba sikuwa nimefikiria choo njia nzima. Sijapona kabisa. Maharage bado yananijaza, na wiki yenye zamu za usiku mfululizo tumbo hulalamika. Lakini nakula harusini.

Ukitaka kujaribu, anza kwa daktari. Hili nalisisitiza kwa moyo wangu wote. Ukiona damu kwenye choo, unapungua mwili bila sababu, una upungufu wa damu, au tumbo limebadilika ghafla ukiwa umeshavuka miaka 50, usiende kutulizwa kwanza, nenda ukapimwe. Hipnosisi inaweza kupunguza maumivu ya kitu kinachohitaji kisu, na hiyo ndiyo hatari yake.

Halafu muulize mtaalamu amesomea nini kabla ya hipnosisi. Hapa Uingereza sheria haimzuii mtu yeyote kujiita mtaalamu wa hipnotherapi, kwa hiyo cheti cha ukutani hakitoshi. Tafuta mwanasaikolojia, muuguzi, daktari, hata daktari wa meno, mtu ambaye angeweza kukusaidia tatizo lako hata bila hipnosisi. Anayekuahidi utapona kwa kikao kimoja, muage kwa heshima uondoke. Na mtu anayesikia sauti au aliyewahi kuchanganyikiwa akili asiguse jambo hili bila daktari wake wa akili kuridhia.

Ukiambiwa hipnosisi itakurudishia kumbukumbu za utotoni ulizosahau, kataa. Katika hali ile akili hutunga vizuri sana, na kilichotungwa huhisi kama kweli tupu. Chama cha Madaktari cha Marekani kilitahadharisha hivyo tangu 1985, na familia zimevunjika kwa kumbukumbu za namna hiyo. Kuacha sigara nako kunatangazwa sana, ila tafiti zilizokusanywa hazijaonyesha wazi kwamba hipnotherapi hushinda njia nyingine. Ushahidi niliouona una nguvu zaidi kwenye tumbo, kwenye maumivu, na kwenye hofu ya kabla ya upasuaji. Huko Liège, Ubelgiji, tangu 1992 madaktari wa usingizi wamekuwa wakiitumia pamoja na ganzi ya sehemu moja na dawa kidogo, mgonjwa akiwa macho wakati anapasuliwa.

Watu pia hatulingani. Wachache huzama kirahisi, wachache hawazami kabisa, wengi tuko katikati. Kama kwako haikufanya kazi, hujakosea wala huna imani haba.

Mama alikuja kunitembelea mwaka jana. Usiku mmoja alifungua mlango akanikuta nimelala chali, mkono tumboni, simu ikisema kwa sauti yangu mwenyewe tulia, tulia. Alikaa pembeni ya kitanda mpaka ikaisha. "Kumbe ni wewe mwenyewe unayesema," akaniambia, kisha akaenda kuniletea maji.