Nataka ujumbe wa kamati ya mtaa, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nakaa Kange, Tanga. Kila masika maji yanatuingilia ndani, mtaro hauzibuliwi, sasa majirani wamenikalia kooni nigombee ujumbe wa kamati ya mtaa. Mie sina chama, itawezekana? Na mume wangu anasema hiyo si kazi ya mke wa mtu.
Mama wa watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Chama ndo kikwazo chako cha kwanza, mgombea binafsi kwetu hakuna, lazima udhaminiwe na chama, kwa hiyo chukua kadi mapema watu wakuzoee maana wengi wanaangukia kwenye kura za maoni huko huko ndani kabla hata ya kampeni. Muda unao, uchaguzi ni kila miaka 5 na wa mwisho ulikuwa 27 Novemba 2024. Uwe umefika miaka 21, mkazi wa hapo, unajua kusoma na kuandika.

Halafu hapa watu wanajichanganya sana: kadi ya kupigia kura ya rais haikuingizi kwenye orodha ya mtaa, ya mtaa mnajiandikisha kivyake, 2024 ilikuwa Oktoba 11 hadi 20 tu, basi usije ukabweteka nyumbani.

Baba watoto mweleze kwa upole kwamba kwenye kamati kuna nafasi kabisa za wanawake, na maji yakiingia ndani anayekesha anakomba ni wewe. Ila majirani usiwaahidi mtaro mpya, hela ya hivyo iko halmashauri, kamati inasukuma tu. Anza kuhudhuria mikutano ya mtaa, uulize huo mtaro mbele ya mtendaji.