Jipu la kifandugu: maswali yenu na majibu

*Naendesha bodaboda. Jipu limevimba juu ya mpasuko wa makalio, siwezi kukaa. Dozi ya antibiotiki nimeimaliza, halijapungua.*

Vidonge peke yake haviliwezi. Dawa husafiri kwa damu, na ndani ya usaha hakuna mishipa. Usaha lazima utolewe. Nenda hospitali leo, usilikamue wala kulitumbua nyumbani. Utapigwa ganzi, jipu lipasuliwe, usaha na nywele zilizojichimbia zitolewe. Kabla ya kisu, mwombe daktari akate pembeni, sentimita 1 hadi 2 kutoka mstari wa kati. Mkato wa katikati unakaa bondeni, penye jasho na nywele, na kila ukikaa unavutwa huku na huku. Huo ndio unaosumbua kupona.

*Langu lilipasuliwa likakauka. Miezi mitatu baadaye linatoa majimaji tena. Daktari alikosea?*

Si lazima. Kupasua jipu kunaondoa usaha; njia ya usaha iliyo chini ya ngozi inaweza kubaki. Mtu akutazame kwenye mwanga: ataona vitundu kama vya sindano katikati ya mpasuko wa makalio, pengine unywele umechungulia. Vikiwa vichache, kila kimoja hukatwa pamoja na kipande kidogo cha ngozi, kama punje ya mchele, ukarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ugonjwa ukiwa umetambaa au unarudirudi, uliza kuhusu upasuaji wa Karydakis au wa Limberg: mshono unahamishiwa pembeni na bonde linapungua kina. Kukata kisha kushona katikati, tunakusihi ukatae kama kuna njia nyingine, kwa kuwa hurudi mara nyingi zaidi.

*Kidonda kimeachwa wazi. Nakisafishaje?*

Kila siku, na kila utokapo chooni. Miminia maji safi ya vuguvugu, kausha kwa kugusagusa, kisha laza gozi yenye maji ya chumvi ya hospitali mpaka chini, bila kuishindilia. Ukiishindilia majimaji yanakwama. Spiriti na peroksidi ziache, zinaunguza nyama changa. Kidonda kijae kutoka chini: ngozi ikikutana juu kwanza, shimo linabaki ndani na kazi inaanza upya. Nywele zinazokizunguka ziondolewe mara kwa mara. Jipange kwa miezi miwili au zaidi.

*Nina kitundu hakiumi wala hakitoi kitu. Nipasuliwe?*

Hapana. Osha, kausha, punguza nywele, na usikae saa nyingi bila kusimama. Kikianza kuvimba au kutoa usaha, usingoje.